Miezi minane na kipima presha cha nyumbani: mkanda ndio ulionidanganya

Nilinunua kipima presha cha kidijitali, kile cha kufunga juu ya kiwiko, baada ya daktari kunianzishia amlodipine, kidonge cha kushusha presha, miligramu 5 kwa siku na kunitaka nirudi kliniki na daftari la vipimo vya asubuhi na jioni. Muuzaji wa duka la dawa alinisifia kile kidogo cha kufunga kwenye kifundo cha mkono kwa kuwa ni chepesi kubeba, lakini nilikuwa nimekwishaambiwa kwamba hicho hukosea kwa urahisi mkono usipokaa usawa wa moyo.

Wiki tatu za mwanzo zilinitia hofu. Kidonge nilikimeza bila kuruka hata siku moja, ng'onda na chumvi yake nilishaaga mezani, na bado kioo kilinionyesha 158 kwa 96, siku nyingine 162 kwa 98. Nilikaribia kujiongezea kidonge cha pili kwa akili yangu mwenyewe. Siku ya kliniki muuguzi akapata 142 kwa 88, akashangaa, akaomba kuuona mkanda wangu, ule wa kifaa unaofungwa mkononi na kujaa upepo. Ukingoni, kwa maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyasoma, paliandikwa sentimita 22–32. Akatoa futi ya kamba, kama ile ya mafundi cherehani, akaizungusha katikati ya mkono wangu wa juu: sentimita 36. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene, alinieleza, hulazimika kujaa upepo zaidi ili uubane mshipa, kwa hiyo namba hupanda ingawa presha yenyewe haijapanda. Dukani hakuna aliyenipima mkono, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa.

Mkanda wa sentimita 32–42 nilinunua peke yake, kwa gharama nyingine. Tangu hapo vipimo vyangu vingi huangukia kati ya 130 na 138 kwa namba ya juu, yaani moyo unaposukuma damu, na kati ya 80 na 86 kwa ya chini, unapopumzika. Hapo nami nilijifunza kuwa nyumbani presha huhesabiwa kuwa ya juu kuanzia 135 kwa 85, si 140 kwa 90 ya hospitalini, ambako wengine hupanda kwa hofu ya koti jeupe la daktari tu.

Kifaa chenyewe ni rahisi: kitufe kimoja, betri nne, kumbukumbu ya kutosha. Kazi iko kwa mtumiaji, ambaye hana budi kwenda haja ndogo kwanza, kukaa kimya dakika tano akiegemea kiti bila kupishanisha miguu, kisha kupima mara mbili kwa kupisha dakika moja. Mke wangu bado huniuliza habari za mboga mkanda ukiwa unajaa, nami sasa humjibu kwa kidole.