Vya kusafishia meno bandia ili fangasi wasikae: anza kununua kipi?

Wengi wakisikia fangasi wa mdomoni wanakimbilia vile vidonge vya mapovu vya kulowekea meno, na hapo ndo wanapokosea. Vua meno yako sasa hivi, yageuze, pitisha kidole upande unaokaa kwenye kaakaa. Ukihisi utelezi kama wa jiwe la mtoni ujue huo ni utando na Candida, yaani fangasi mwenyewe wa mdomoni, anaishi humo, maana upande wa nje umeng'arishwa ila wa ndani una vitundu vidogo hata jicho halivioni. Utando hautoki kwa kusuuza, mpaka usuguliwe.

Kwahiyo namba moja ni burashi ya meno bandia, ile ya vichwa viwili, kikubwa cha kupita nje na kidogo cha kuingia kwenye mabonde ya ndani. Chagua yenye nywele laini na mpini mnene, hasa kama ni ya mzee ambaye vidole vimeanza kukaza, mpini mwembamba utamponyoka. Tumia sabuni ya maji halafu suuza sana. Dawa ya meno ya kawaida hapana jamani, inakwaruza akriliki, ile plastiki ya meno bandia, na fangasi wanapenda sana kujibanza kwenye mikwaruzo. Mama yangu alitumia ile ya kung'arisha kwa miaka, meno yanameta kweli, kumbe juu ya kaakaa kuna wekundu wenye umbo lilelile la meno yake, kama mtu kaufuatisha kwa kalamu.

Namba mbili ndo vidonge sasa. Vinaua vijidudu ambavyo burashi haijavifikia, ila loweka baada ya kusugua, sio badala yake. Soma pakiti, kuna vya dakika chache na kuna vya usiku kucha. Maji yawe vuguvugu, ya moto yanapinda plastiki. Angalia pia kama vina pasalfeti, kemikali ya kusafishia, mwaka 2008 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwataka watengenezaji waweke onyo kwasababu kuna watu vinawaletea mzio, wengine mpaka shida ya kupumua. Na kidonge hakiwekwi mdomoni kamwe, meno yasuuzwe vizuri kabla ya kuvaa.

Namba tatu, bakuli lenye kifuniko. Wengi hawalihesabu ila mimi nalithamini sana, kwasababu ukilala na meno mdomoni fangasi wanapata usiku mzima wa joto na unyevu. Yalaze kwenye maji safi, yakikauka yanaweza kupinda, na maji badilisha kila siku.

Mashine za kusafisha meno bandia kwa mtetemo naziweka namba nne, zinamfaa ambaye mikono haiwezi kusugua.

Blichi iwe ya mwisho kabisa. Inaua fangasi kweli, lakini ichanganywe na maji mengi, isizidi dakika 10, na meno yenye chuma usithubutu. Usiichanganye na siki, inatoa gesi ya sumu.

Kama kaakaa limeshakuwa jekundu au pembe za mdomo zinapasuka, nenda kwa daktari wa meno kwanza, utapewa dawa ya fangasi kama nistatini. Mdomo na meno vitibiwe kwa pamoja, ukitibu mdomo tu wanarudi. Na ukisugua, sugulia juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasipasuke.