Kozi ya CNC kwa tuliosoma sanaa, hapa Dodoma: mwalimu safi, mashine hamna

Wengi mnaniulizia ile kozi ya kuchonga vyuma kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta (ndo CNC), ile inayochukua watu wenye digrii za sosholojia, historia, Kiswahili na ndugu zao. Kituo sikitaji jina, ni cha binafsi, kipo hapahapa mjini.

Kilichonikosha ni mwalimu wa vipimo. Mzee kachonga sana shafti za mashine za kukamulia alizeti huko Singida kabla hata hajaijua CNC, anakupa venia, kile kipimo cha kubana, usome mpaka 0.02 mm, ukikosea unarudia, halafu maikromita, kipimo cha skrubu cha 0.01 mm, na hapo mashine hujaigusa bado. Watu wakanung'unika weee, yeye anajibu tu wanangu, beringi haiulizi digrii, shafti ikizidi haiingii, ikipungua inacheza.

Zile kodi (code) za kuiamuru mashine ndo mnaziogopa bure. G00 inapeleka kisu haraka bila kukata, G01 inakata mstari ulionyooka kwa spidi uliyopanga, M03 inaanzisha mzunguko wa spindo, ekseli kuu ya mashine, M05 inausimamisha, sasa wewe andika G00 palipotakiwa G01 uone kisu kinavyoingia kwenye chuma kwa kasi yote na kuvunjika. Hesabu ni zilezile za kidato cha nne, pembetatu na nini, na mtu aliyezoea kuhariri maandishi anazishika chapchap, dada mmoja wa Kiswahili alikuwa anakamata makosa ya programu zetu kuliko jamaa aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati).

Sasa lawama. CNC ni moja na darasa limejaa, unasubiri zamu, zamu ikifika umeme unakatika na jenereta yao haiibebi ile mashine, kwahiyo muda mwingi mnachezea simulesheni kwenye laptopu. Simulesheni haikufundishi kusikia kisu kinavyolia kikianza kuisha makali, wala kuona mabaki ya chuma yakitoka ya bluu ujue joto limepanda. Kwa ada ya laki tisa, na buti na miwani unajinunulia mwenyewe, hapana kwakweli.

Halafu tangazo lao la ajira ya uhakika kwenye eneo la viwanda la Nala, hapa Dodoma, hizo ni siasa. Karakana nilizopita mimi hapa mjini bado wanakereza kwa mashine za mkono, kwahiyo ng'ang'ania wakufundishe na hiyo, wanayo kwenye kona imefunikwa turubai sijui wanamtunzia nani. Na kabla hujalipa uliza kama mwishoni unafanya mtihani wa NVA, ile tuzo ya taifa ya ufundi, au unapewa cheti cha kituo tu, maana VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, wapo, na ukitaka kupanda levo ya pili na ya tatu baadae hilo karatasi la kituo litakusumbua.

Nyota tatu kati ya tano, wakileta mashine ya pili naongeza moja. Mkienda jiandikisheni zamu ya asubuhi ndo yupo mzee, jioni kuna kijana anawasomea slaidi tu mpaka mnasinzia.