Shule mbadala za wilaya za elimu Marekani: ipi inamfikisha kijana kwenye diploma?

Mzazi akiambiwa na shule kwamba mwanawe ahamie "shule mbadala", aulize kwanza ni ya aina gani. Jina hilo moja limebeba huduma zisizofanana hata kidogo. Kipimo tulichotumia hapa ni krediti, yaani pointi anazopata mwanafunzi kwa kila kozi anayofaulu, kwa sababu diploma ya sekondari hupatikana kwa krediti. Programu isiyompa kijana krediti anazopungukiwa inamlia miaka, hata walimu wake wawe wema kiasi gani.

Tunayoipa nafasi ya kwanza ni shule ya California iitwayo "continuation". Hesabu ndiyo inayoonyesha kwa nini. Chukua wilaya inayodai krediti 220 ili kuhitimu, na kila kozi ya muhula ina krediti 5. Masomo sita yanaleta krediti 30 kwa muhula, yaani 60 kwa mwaka. Kijana aliyebakiza miaka miwili huku ana krediti 80 anahitaji 140 zaidi. Shule ya kawaida itampa 120 tu, hata akifaulu kila somo. Continuation huchukua wanafunzi kuanzia miaka 16, siku yake ya masomo ni angalau dakika 180, yaani saa 15 kwa wiki, na krediti huhesabiwa kadiri kazi inavyokamilika. Aliyefika nusu ya kozi hapotezi yote kama ilivyo kwa anayefeli mwisho wa muhula. Anayemaliza mapema anafungua kozi nyingine wiki hiyohiyo. Kwa kijana anayefanya kazi ya kulipwa au anayelea mtoto, ratiba hii inabebeka.

Kasoro yake ni kubwa na wazazi wengi huigundua wakati umeshapita. Shule hizi ni ndogo, kwa hiyo sayansi za maabara na lugha za kigeni mara nyingi hazifundishwi. Vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, yaani UC na CSU, vinadai kozi 15 za mwaka mzima kutoka kwenye orodha yao, kila moja kwa alama ya C au zaidi. Kijana anaweza kupata diploma halali kabisa lakini asitimize orodha hiyo. Njia ya kupitia chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, inabaki wazi, ila ni vyema aichague mwenyewe akijua, asije akajikuta hana nyingine.

Programu za kurudia somo kwa kompyuta zipo karibu kila wilaya. Mwanafunzi hufanya jaribio la awali katika kila sehemu. Akifaulu huruka, asipofaulu hutazama somo na kujibu maswali. Kwa aliyekosa somo moja au mawili kwa sababu ya ugonjwa au kuhama, zinafaa sana. Zinaharibika pale mwanafunzi anapoachwa peke yake na skrini: majibu yanatafutwa kwenye intaneti, kozi ya muhula inakwisha kwa siku chache, kisha somo linalofuata linamshinda kwa kuwa msingi haupo. Uliza mwalimu wa somo hilo ni nani, yuko chumbani saa ngapi, na kama mtihani wa mwisho husimamiwa. Mwanamichezo awe mwangalifu zaidi: NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, hudai kozi 16 za msingi, na haikubali kozi ya mtandaoni isiyo na mwalimu anayewasiliana na mwanafunzi mara kwa mara.

Aina ya tatu ni ya nidhamu. Texas huiita DAEP, yaani programu mbadala ya elimu ya nidhamu, na mtoto hupelekwa huko kama adhabu. Sheria inaitaka ifundishe Kiingereza, hisabati, sayansi, historia na nidhamu binafsi. Masomo mengine aliyokuwa akisoma yanaweza kukatika, na hapo ndipo krediti zinapovuja. Lakini sheria hiyohiyo inailazimu wilaya kumpa nafasi ya kuyakamilisha kabla ya mwaka mpya wa shule kuanza, bila malipo. Nafasi hiyo iombwe kwa maandishi siku ya kwanza. Hali ya mwanafunzi hupitiwa angalau kila siku 120, na mzazi hana sababu ya kukaa kimya akisubiri siku hiyo.

Mtoto mwenye IEP, yaani mpango wa elimu ulioandikwa kwa ajili ya mwanafunzi mwenye ulemavu, ana ulinzi wa sheria ya taifa. Akiondolewa kwa zaidi ya siku 10 za shule mfululizo, huo ni uhamisho, na ndani ya siku 10 za shule baada ya uamuzi lazima kikao kikae kuamua kama kosa limetokana na ulemavu wake. Ikithibitika hivyo, kwa kawaida anarudi alikotoka. Makosa ya silaha, dawa za kulevya au kumjeruhi mtu vibaya yana utaratibu wake: anaweza kuwekwa kwingine hadi siku 45 za shule.

GED, cheti kinachochukuliwa kuwa sawa na diploma ya sekondari, tunaiweka mwisho. Ni mitihani minne, na kila mmoja unahitaji alama 145. Haupatikani kwa Kiswahili. Unamfaa kijana mkubwa ambaye muda wa shule umemwishia, lakini mwenye miaka 16 asisukumwe huko ili takwimu za shule zionekane nzuri.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili, kuna jambo lisiloachwa: huduma ya kumfundisha mwanafunzi Kiingereza haikomi kwa sababu amehamishwa, na mzazi asiyejua Kiingereza vizuri ana haki ya mkalimani asiyelipiwa na familia. Mtoto asigeuzwe mkalimani kwenye kikao kinachoamua hatima yake. Kabla ya kutia saini, chukueni nakala ya matokeo yenye krediti zote pamoja na zile za nusu kozi, orodha ya masomo ya shule mpya, na karatasi inayotaja tarehe na masharti ya kurudi shule ya awali. Mshauri wa shule akisema hayo "yatajadiliwa baadaye", saini isubiri.