Vitofali vya kujengea nyumba ya Cotswolds: angalia rangi kabla ya bei

Malalamiko ya wanaojenga nyumba za kijijini kwa vitofali vya kuchezea hufanana. Vipande vyote vilinunuliwa kwa jina moja la rangi, ukuta ukapanda vizuri hadi usawa wa linta, halafu jua la asubuhi lilipoingia dirishani ukuta ukaonekana una mabaka, kama uliolowa maji upande mmoja. Miongozo mingi ya ununuzi huhesabu vipande na kulinganisha bei, kasoro hii haiigusi. Hapa ndiyo inayoamua vitofali vya nani viwe vya kwanza.

Kipimo chetu ni nyumba ya mtindo wa Arlington Row, safu ya nyumba za kale katika kijiji cha Bibury, Gloucestershire, Uingereza, ndani ya eneo la vilima liitwalo Cotswolds. Jengo lile lilisimamishwa mwaka 1380 kuwa ghala la sufu la watawa, na katika karne ya 17 likageuzwa nyumba za wafumaji. Kuta zake ni za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali na paa ni la vigae vya mawe. Ni mtihani mkali kwa vitofali, kwa sababu ukuta mzima ni wa rangi moja. Hakuna boriti nyeusi za kuficha kosa.

Hesabu kwanza. Vipimo ni kwa vinundu, vile vijivimbe vya juu ya kitofali, na kozi ni safu moja ya vitofali. Nyumba ya vinundu 24 kwa 16, ukuta wa unene wa kinundu kimoja, ina vinundu 76 kwa kila kozi, yaani vitofali 19 vya 1 kwa 4. Kozi nane ni 152. Pembetatu mbili za ukuta chini ya paa zinakula vinundu 84, sawa na vitofali 21 zaidi. Jumla 173. Usiondoe nafasi ya mlango na madirisha. Hiyo ndiyo akiba yako, na sehemu yake inunue kama vipande vya 1 kwa 2 na 1 kwa 3 ili viungo visipangane wima.

Paa linataka kozi 7 kila upande. Anza kozi ya 2, ya 4 na ya 6 kwa kigae cha 2 kwa 2 na umalizie kwa kingine, la sivyo viungo vitapanda mstari mmoja na paa litafunguka katikati ukilinyanyua. Kwa mpangilio huo nunua vigae vya mteremko 78 vya 2 kwa 4 na 12 vya 2 kwa 2, kisha kofia za kileleni mwa paa, 5 za 2 kwa 4 na 2 za 2 kwa 2. Vigae hivi huitwa vya nyuzi 45, lakini kila kozi inapanda milimita 9.6 na kuingia ndani milimita 8, hivyo paa zima linafika karibu nyuzi 50. Mwinuko huo unaifaa nyumba ya Cotswolds. Weka ukuta wa ndani katikati ya urefu, maana kozi za juu zinaning'inia.

Sasa rangi. Kiwandani, plastiki isiyo na rangi huchanganywa na rangi ndipo imiminwe kwenye kalibu. Mkupuo wa leo na wa miezi sita baadaye unaweza kupishana kidogo. Kitofali kimoja mkononi hakisemi kitu. Vitofali 173 vikisimama pamoja vinasema vyote kwa wakati mmoja.

Nafasi ya kwanza ni Lego mpya ya rejareja, rangi ya mchanga, kutoka kwa muuzaji mmoja, kwa oda moja. Siombi radhi kwa kuipendelea. Mshiko wake ni ule ule kutoka kozi ya kwanza hadi kofia, jina lake limeandikwa juu ya kila kinundu kwa hiyo kipande bandia kilichochomekwa unakigundua mara moja, na vipande vya sura ya mawe, vile vya 1 kwa 2 vyenye mistari ya uashi, vinapatikana kwa rangi ile ile ya ukuta. Nayo pia hupishana rangi, hilo halikwepeki, ila mpishano wake unatibika, kama nitakavyoeleza.

Ya pili ni Gobricks ya China. Inashika vizuri na bei yake ni nafuu. Sharti ni moja: usiichanganye na Lego kwenye ukuta mmoja. Mchanga wa huyu si mchanga wa yule. Jenga nyumba yote kwa Gobricks, au itumie sakafuni na ukuta wa ndani.

Ya tatu, Lego iliyotumika, inayouzwa kwa kilo. Hapa mitego ni mingi. Mwaka 2004 Lego ilibadilisha kijivu na kahawia zake. Kijivu cha zamani kina unjano, kipya kina ubuluu, na dohani iliyochanganya vyote viwili inaonekana imeungua. Kahawia mpya ya mwaka huo ilikuja kujulikana kwa kukatika: unabandua kipande kimoja, kinapasuka. Mlango na linta vinunue vipya. Vitofali vilivyokaa juani navyo hubadilika upande mmoja tu, kwa hiyo vigeuze kabla ya kulipa.

Maboksi yasiyo na jina, yale ya bei ya chee, yaache. Mshiko ni wa bahati.

Kinachokera ni wauzaji wa mtandaoni. Picha ya rangi ni mchoro wa kompyuta, ule ule kwa kila duka, haioneshi kipande utakacholetewa. Kipande kimoja kinatangazwa kwa bei ndogo, halafu kuna kiwango cha chini cha oda, kuna ada ya kufungasha na nauli ya posta. Mnunuzi anagawa oda kwa maduka matatu ili aokoe pesa, na hapo ndipo anapojinunulia mabaka. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa nauli inaweza kuzidi vitofali vyenyewe. Ni dhuluma kumtoza mtu hivyo bila hata kumwonesha picha halisi ya mzigo.

Mzigo ukifika, panga vipande 20 kutoka kila mfuko juu ya karatasi nyeupe, dirishani, mchana. Taa ya umeme hudanganya. Mifuko ikipishana, fanya wanavyofanya waashi wa matofali ya kweli: mwaga yote kwenye beseni moja, changanya, ndipo uanze kozi ya kwanza. Tofauti iliyosambaa inasomeka kama jiwe. Iliyokusanyika mahali pamoja inasomeka kama uchafu. Ukitaka jiwe zaidi, katika kila vipande kumi weka saba vya rangi ya mchanga, viwili vya mchanga uliokolea na kimoja cha kijivu, na usiweke vijivu viwili pembeni mwa kona moja.