Jiko banifu la lita 100 kwa makao ya watoto: linamfaa nani?

Makao mengi ya watoto Uganda, yawe Arua au Masaka, hupika posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage karibu kila siku, na vyakula hivyo viwili ndivyo vinavyomaliza kuni. Ndiyo maana mfadhili akija na pesa ya jikoni, kitu cha kwanza kutajwa huwa jiko banifu: lile pipa la chuma lenye matofali ndani, sufuria ya lita 100 iliyozama mpaka shingoni, na bomba la moshi linalotoboa paa. Hutengenezwa na mafundi wengi, kwa hiyo hapa linapimwa jiko lenyewe, si fundi fulani. Kwa makao yenye watoto 50 hadi 80, na idadi isiyotarajiwa kupungua, ni ununuzi mzuri kabisa. Kwa watoto 30 ni kubwa mno. Na kwa makao yasiyo na banda la kukaushia kuni ni pesa ya kutupa, hata kama idadi ya watoto inalingana.

Umbo lake linatokana na kazi ya Larry Winiarski wa Marekani, miaka ya 1980. Kuni huingia kwa mlango mmoja mdogo, zikilala juu ya chanja cha chuma ili hewa ipite chini yake. Moto hupanda katika shimo la matofali mepesi, yaani udongo uliochanganywa na vumbi la mbao. Vumbi huungua tofali linapochomwa na kuacha vitundu vinavyozuia joto lisinyonywe na jiko lenyewe. Kisha moto hulamba kitako cha sufuria na kupanda pembeni, kwenye mwanya wa kama sentimita 2. Mwanya huo ukiwa mpana, joto hukimbilia bombani. Ukibanwa, moshi hurudi usoni mwa mpishi. Kwa hiyo sufuria ikitoboka, usinunue ya sokoni kwa sababu tu inakaribiana nayo. Mpelekee fundi vipimo, kimo na mzingo, akutengenezee yake.

Sasa hesabu ya sufuria. Watoto 60 kwa posho ya mchana wanahitaji unga wa kilo 15 hivi, kwa gramu 250 kila mmoja, na maji lita 30 hadi 35. Ukishasonga unapata kama lita 45, karibu nusu ya sufuria, na nafasi inayobaki ni ya mwiko. Hapo jiko linaonyesha uzuri wake: sufuria imeshikwa na ukuta, haichezi, na watu wawili wanaweza kusonga kwa nguvu bila mtu wa tatu kushikilia masikio kwa matambara. Pika humo humo posho ya watoto 25 uone. Chakula kinakaa chini, moto unapanda pembeni kwenye chuma kitupu, na posho iliyorukia ukutani inakuwa nyeusi kabla ya katikati kuiva. Ukoko wa chini watoto wanaugombea. Ule wa pembeni ni mchungu, na hutoa harufu inayoingia sufuria nzima.

Maharage yanahitaji uangalifu wa namna nyingine. Kilo 6 za watoto 60 zilowekwe usiku kucha katika maji mara tatu ya ujazo wake, maji hayo yamwagwe asubuhi, na chumvi itiwe yakishalainika. Yakichemka, chomoa kuni mpaka zibaki mbili, funika, uache yatokote. Wapishi waliozoea mafiga matatu hushindwa hapa. Wanajaza mlango kuni mpaka hewa haipiti, moshi unajaa, kisha lawama zinaangukia jiko. Mlango usijazwe zaidi ya nusu. Kuni tatu au nne zinatosha, kila moja unene wa kifundo cha mkono, na zisukumwe ndani kadiri zinavyoungua.

Kuni ndizo kiini cha habari hii. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hutumia nguvu zake kuyakausha maji hayo kabla haujagusa sufuria. Muuzaji akileta lori la mikaratusi, chukua vipande viwili uvigonganishe. Vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa kishindo kizito. Tazama miisho: nyufa zinazotoka katikati kama miali ni dalili njema. Ukiwasha kipande na povu likatokeza upande wa pili, lori hilo zima lisubiri. Pasua kwanza, panga juu ya nguzo zisiguse ardhi, chini ya bati, pande ziwe wazi kwa upepo, miezi mitatu au zaidi. Banda liwe na vyumba viwili, kimoja kinakauka, kingine kinatumika. Lijengwe kabla jiko halijafika. Kukimbilia mkaa si jibu, hasa kaskazini, ambako Rais Museveni alipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara Mei 2023, na ambako mishea mingi, miti ya mafuta ya shea, imeishia tanurini.

Kinachoharibika mapema ni matofali ya mlangoni, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuzima moto kwa maji: tofali la moto likimwagiwa maji hupasuka. Chomoa kuni, uzizike kwenye majivu. Ya pili ni mvua inayoshuka bombani pasipo na kofia, au kupenya pale bomba linapotoboa bati. Majivu yatolewe kila asubuhi, na bomba lipigwe brashi kila mwezi. Jiko jipya lisipewe moto mkubwa siku ya kwanza. Moto mdogo kwa siku kadhaa hukausha udongo wa ndani bila kuupasua.

Halafu kuna watoto wenyewe. Pipa hili halina miali inayoonekana, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu haliogopi, na bomba linapita usawa wa mkono wake likiwa na moto wa kumbabua. Wekeni kizuizi cha waya kuzunguka bomba na nusu mlango jikoni. Fundi asipoviweka kwenye bei yake, mwambieni aviongeze.

Kabla ya kulipa, mzungumze na afisa wa probesheni wa wilaya, anayeshughulikia ustawi wa watoto, kuhusu watoto mnaotarajia kuwarudisha kwa ndugu zao. Mwongozo wa serikali wa malezi mbadala wa 2012 unaweka makao kuwa njia ya mwisho, na makao yanayoufuata hupungua idadi, jambo la kushangilia. Likizo nazo hupunguza walaji. Kwa hiyo penye watoto 60 leo na idadi inayotarajiwa kupungua, majiko mawili ya lita 50 hadi 60 ni bora kuliko moja la lita 100: yote mawili kwa posho siku nyumba imejaa, moja tu watoto wakipungua, na asubuhi uji unachemka upande mmoja huku maharage yakianza upande wa pili. Bei itapanda kidogo kwa sababu mabomba ni mawili. Mwombeni fundi seti ya akiba ya matofali ya mlangoni, na yule mpishi atakayelitumia awepo siku linapowashwa mara ya kwanza.