Chumba cha kumbukumbu za Kusini: kinafaa kuanzia utafiti

Kwa anayetafiti historia ya Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, chumba kidogo cha kusomea kilichopo Mtwara mjini kinafaa kuanzia, ingawa hakitoshi kumalizia. Historia ndiyo iliyoshiba: majalada ya Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, yamepangwa kwa wilaya, na nakala za picha alizopiga Mjerumani Karl Weule huko Masasi na Newala mwaka 1906 zimeandikwa pembeni kwa penseli, kwa mkono wa mtu ambaye bila shaka ni mwenyeji, maana anasahihisha majina ya ngoma. Kuhusu elimu, zimo habari za misheni ya Waanglikana iliyoanzishwa Masasi mwaka 1876 pamoja na watumwa walioachwa huru, na za jando lililokuja kuingizwa katika ibada ya Kikristo. Afya ni jalada moja jembamba. Utawala wa kabla ya Wajerumani karibu haumo, jambo la kusikitisha katika eneo ambalo koo nyingi zilihesabiwa kwa upande wa mama. Mtunzaji ni mkarimu na anajua kila kilipo, ila mashine ya fotokopi haipo. Mgeni aje na simu iliyojaa chaji.