Mpira wa mazoezi, miezi mitano baadaye: kiuno kimepona, kitambi bado kipo

Ofisini wananiita Mheshimiwa. Sijawahi kugombea hata uenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ni hiki kitambi tu. Nafanya uwakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda, na anayedhani kazi yetu ni kukimbia na makaratasi mpakani ana habari za zamani. Siku hizi kazi ni kukaa. Unawasha kompyuta saa mbili asubuhi, unaingiza nyaraka kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha, mtandao ukigoma unasubiri papo hapo kitini, dereva wa trela anakupigia simu kila robo saa kana kwamba wewe ndiye uliyeuzima. Ukija kuinuka jioni kiuno kimekaza kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua.

Siku kiliponikamata nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nikainama, nikashindwa kuinuka. Mke wangu akapita, akaniuliza natafuta nini uvunguni.

Nikaenda hospitali moja Tororo. Nilikutana na mtaalamu wa fiziotherapia, mama mtu mzima asiyecheka ovyo. Aliniuliza kama miguu inakufa ganzi, kama haja ndogo na kubwa zinanisumbua, kama maumivu yananiamsha usiku. Yote hapana. Akanigusa gusa mgongo, akaniambia, "Mzee, mifupa yako haina neno. Misuli ya kuushika mgongo ndiyo imelala. Tafuta mpira wa mazoezi, halafu urudi nikuonyeshe." Nasisitiza hapa: kama wewe ungejibu ndiyo kwenye swali lolote kati ya hayo, acha kusoma habari za mipira, nenda ukapimwe.

Nilikuwa na safari ya Kampala wiki hiyo, nikaingia duka moja la vifaa vya michezo katikati ya mji. Kijana wa duka akanipima kwa macho kuanzia tumboni kushuka chini. "Bosi, mwili kama wako unataka namba kubwa." Nikalipa shilingi 90,000, nikabeba boksi la mpira wa sentimita 75 zaidi ya kilomita 200 hadi nyumbani, nikajaza upepo mpaka mikono ikafa ganzi. Nikakaa juu yake. Miguu ikagusa sakafu kwa ncha za vidole, kama mtoto aliyepandishwa kiti cha kinyozi. Nilipompigia kijana simu akanikumbusha maandishi ya ukutani kwake: mali ikishauzwa hairudi.

Basi jifunze kwa fedha yangu. Namba ya mpira haifuati unene, inafuata urefu. Kwa kawaida mtu wa chini ya mita 1.65 anachukua sentimita 55, kutoka hapo hadi mita 1.80 hivi ni 65, warefu zaidi ndio wa 75. Kipimo cha kweli ni kukaa juu yake ukiwa umejaa: nyayo zote ziguse chini, mapaja yalale sawa na sakafu au magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Mimi nina mita 1.68. Wa pili niliununua Mbale, sentimita 65, shilingi 70,000 pamoja na pampu. Uzito nao uangalie, lakini kwenye maandishi ya boksi, pale wanapotaja kilo ambazo mpira unabeba. Kazi ya tumbo katika ununuzi huu inaishia hapo.

Kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba ni mpira wa Uswisi. Sisi watu wa forodha kitu cha kwanza tunachosoma ni nchi ya asili, na kwa maandishi madogo kabisa ni China. Lakini hata Uswisi wenyewe hawakuubuni. Ulitengenezwa Italia mwaka 1963 na Aquilino Cosani, mtu wa viwanda vya plastiki. Mwingereza Mary Quinton, mtaalamu wa fiziotherapia, ndiye aliyeanza kuutumia Uswisi kutibu watoto wachanga. Wamarekani waliokwenda huko wakauona, wakarudi nao kwao na hilo jina. Ofisini tulibishana karibu nusu saa ungeingia namba gani ya ushuru: 9506.62, mipira ya kujazwa upepo, au 9506.91, vifaa vya mazoezi ya mwili? Mimi nasimama na 91. Mwenzangu mmoja mpaka leo hajakubali.

Kujaza kuna adabu yake. Siku ya kwanza usiufikishe kipimo. Uache umelegea kidogo, ulale hivyo usiku mzima ili plastiki ijinyooshe, kesho yake uongeze. Nilipiga alama ya penseli ukutani sentimita 65 kutoka chini, nikalaza fimbo ya ufagio juu ya mpira, fimbo ikifika kwenye alama basi. Pampu waliyonipa ilivunjika mpini siku hiyo hiyo ya pili. Nilimalizia na pampu ya baiskeli ya jirani, nikifunika tundu kwa kidole kila nikipumzika. Kizibo nacho hakishiki vizuri, kila baada ya wiki mbili au tatu lazima niongeze. Na harufu! Wiki nzima chumba kilinuka kama duka la kandambili.

Asubuhi ya kwanza sitaisahau. Sakafu yetu ni ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu na kung'arishwa, na mimi nilikuwa na soksi. Mama wa Tororo alikuwa amenielekeza nikae wima, nipumue, niinue mguu mmoja kidogo tu. Niliinua. Mpira ukaenda kwake, mimi nikaenda kwangu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa kitandani. Tangu hapo navua soksi, natandika mkeka wa mpira, nausogeza mpira ukutani, na nafagia kwanza, maana punje moja ya mchanga chini ya uzito wangu inauchubua.

Huo mguu mmoja ulinifundisha kila kitu. Ukiuinua, unasikia tumbo la ndani likijikaza lenyewe bila kuamrishwa. Kuna misuli mipana inayozunguka kiuno kama mama aliyejifunga leso barabara, na mingine midogo iliyoshikana na pingili za uti wa mgongo. Ukikaa kitini siku nzima kazi yake inafanywa na kiti. Mpira unayumba, kwa hiyo misuli hiyo haiwezi kulala. Wiki mbili nzima sikufanya zaidi ya hapo, pamoja na kulala chali, visigino juu ya mpira, na kuinua makalio taratibu.

Halafu ikaja ile ninayoiita mende. Unalala chali, mikono na miguu hewani kama mende aliyegeuzwa, mpira umeubana kati ya goti la kushoto na kiganja cha kulia, unanyoosha mguu na mkono uliobaki bila mgongo kuachana na mkeka. Inaonekana mchezo. Mara ya nne nilikuwa natetemeka.

Na mwisho wa yote, kusonga posho, yaani ugali. Unaweka mikono mpaka viwiko juu ya mpira, miguu nyuma imenyooka na kuachana, mwili wote kama ubao, kisha unazungusha viwiko duara dogo dogo, vile vile mwiko unavyozunguka kwenye sufuria posho inapoanza kukaza. Wenyewe wanaiita kukoroga chungu, na Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, bingwa wa mambo ya mgongo, ndiye aliyeipa umaarufu. Siku ya kwanza niliweza duara mbili. Sasa nafanya kumi kulia, kumi kushoto, napumzika, narudia. Makalio yakianza kushuka naacha hapo hapo, kwa sababu ukiendelea unahamishia mzigo kwenye kiuno kile kile unachokitibu.

Naamka saa kumi na moja, dakika ishirini, siku nne kwa wiki. Mwaka 2020 Rais Museveni alipotoka kwenye video akipiga pushapu ofisini wakati wa korona, nilimuiga siku tatu nikakoma. Tofauti safari hii ni kwamba mpira uko sebuleni, mkubwa, unanitazama. Nimeukalisha juu ya tairi kuukuu la bodaboda usizunguke. Watoto walishageuza mlango wa jiko kuwa goli mara mbili kabla sijauhamisha, na jikoni kuna sigiri ya mkaa. Boksi linaahidi kwamba ukichomwa hautapasuka kwa kishindo, utatoa upepo polepole. Sijaona haja ya kuhakikisha.

Sasa matokeo, maana ndicho mlichokuja kusoma. Kiuno: kabla ya wiki ya sita nilifunga viatu nimesimama, mguu juu ya ngazi, bila kuguna. Sasa nainuka kitini mara moja, silazimiki kwanza kushika meza. Nilijaribu pia kuutumia kama kiti cha ofisini. Siku mbili. Kufika mchana nilikuwa nimepinda kuliko nilivyokuwa kitini, na madereva walikuwa wanaita wenzao waje kuangalia. Uacheni nyumbani.

Kitambi: miezi mitano, kilo moja na nusu. Shati linakaa vizuri zaidi kwa sababu nasimama wima, na ukinigusa tumbo chini ya mafuta utakuta kitu kigumu ambacho hakikuwepo. Lakini mafuta yenyewe yapo. Mwili hauchomi mafuta pale unapopafanyisha mazoezi. Unachoma pale unapotaka wenyewe, na kwanza lazima ule kidogo kuliko unavyotumia. Mpira hauna uwezo juu ya roleksi mbili za saa nne usiku, chapati na mayai matatu kila moja, ninazonunua kwa yule kijana wa kwenye stendi ya bodaboda. Nimeanza kununua moja. Aliniuliza kama biashara imekuwa mbaya.

Ule wa sentimita 75 uko kwa shemeji yangu, mtu wa mita 1.86. Anasema unamfaa sana. Ile 90,000 bado hajaigusia.